Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Hotuba kwa Wenye Vitz, IST na Ndugu Zao

(Hotuba hii ilitolewa Dar es Salaam mbele ya mkusanyiko wa wenye magari madogo. Imeandikwa kama ilivyosemwa, ila maswali ya katikati yameondolewa.)

Mwenyekiti, asante kwa nafasi. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Kina mama na kina dada mliokuja mnaendesha wenyewe, naomba msogee mbele. Msikae kule kivulini mkawaachia wanaume viti vya karibu, maana baadaye tunafungua boneti na mtataka kuona kwa macho yenu.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kulitunza gari dogo la zamani ukiwa nyumbani. Nikitupa macho hapa uwanjani naona Vitz za mwanzo kabisa, zile zilizoanza kutoka Japani mwaka 1999. Naona IST za zamani, za 2002 mpaka 2007. Kuna Passo, na kuna Starlet moja pale mwisho ambayo mwenyewe anaipenda kuliko anavyotaka tujue. Msiyaonee haya magari haya. Hiyo Vitz ilipofika Ulaya iliitwa Yaris, na mwaka 2000 ndiyo iliyotwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Ulaya. Kwa hiyo jirani akikuambia una mkweche, mwambie ni mkweche wenye kikombe nyumbani.

Nina jambo moja tu la kusema leo, mengine yote ni matawi yake. Haya magari hayafi kwa uzee. Yanakufa kwa kubahatisha.

Niliwahi kuletewa IST inayotetema ikiwa sailensi, yaani imesimama inaunguruma tu. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha plagi zote nne, ameosha nozeli zinazonyunyiza petroli, amebadilisha pampu ya mafuta, na gereji aliyotoka walikuwa wameanza kumwambia habari za kununua injini nyingine. Nikamuuliza, kabla ya kufungua chochote, kuna aliyepima? Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kuhusu urithi wa babu yake. Tatizo lilikuwa koili moja, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kutoa cheche. Koili moja, bolti moja ya namba 10.

Hebu nianze na hiyo, kwa sababu ndiyo mfano mzuri wa kazi ambayo mtu yeyote hapa anaweza kuifanya nyumbani siku ya Jumapili. Injini ya IST, iwe ya 1.3 au ya 1.5, ina silinda nne, na kila silinda ina koili yake imekaa juu ya plagi. Ukitoa kile kifuniko cha plastiki unaziona zimejipanga nne. Gari likianza kumisi, yaani silinda mojawapo haiwaki vizuri, na taa ya cheki injini imewaka, mashine ya kupimia itakupa namba. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Tuseme imekupa P0302. Usikimbilie dukani. Zima gari, chomoa koili ya silinda ya pili, ihamishie ya tatu, na ya tatu iweke ya pili. Futa ile namba, washa, zunguka nayo mtaani kidogo, kisha pima tena. Namba ikihamia P0303, koili ndiyo mbovu, imethibitika, na hujatumia hata shilingi. Namba ikibaki palepale, rudia mchezo uleule kwa plagi. Ikigoma kuhama na hapo, sasa ndiyo tunaanza kuongelea nozeli au kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, na hapo unaweza kumwita fundi ukiwa na cha kumwambia.

Na ukiwa umeichomoa ile koili, itazame. Mpira wake wa chini ukiwa umelowa oili, maana yake gasketi ya kifuniko cha juu cha injini inavujisha oili ndani ya shimo la plagi. Ukiweka koili mpya humo bila kuziba uvujaji, utarudi dukani tena.

Mtasema, mimi sina mashine. Sawa. Zipo gari za soko la Japani ambazo hata ukichomeka vile vifaa vidogo vya bei rahisi vya kuunganisha na simu, havisomani. Njia ya zamani bado ipo. Zima injini, chomoa soketi ya umeme ya koili moja, washa kwa sekunde chache, sikiliza, zima, rudishia. Nenda ya pili. Silinda nzima ukiichomoa, injini inatetema zaidi. Silinda iliyokufa ukiichomoa, hakuna kinachobadilika. Nimesema sekunde chache kwa makusudi, maana petroli ambayo haijaungua inakwenda kwenye bomba la moshi na kuunguza katalisti, kile kisafishio cha moshi.

Tuje kwenye joto. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, kwa sababu nikihesabu injini ndogo zilizotupwa kwenye mji huu, nyingi zilikufa kwa kuchemsha.

Wengi wenu gari zenu hazina mshale wa joto kwenye dashibodi. Zina taa mbili tu. Ya bluu inawaka injini ikiwa ya baridi, ikipata moto inazimika. Ya nyekundu inawaka injini ikishachemsha. Katikati ya bluu na nyekundu hujui lolote! Ndiyo maana kwenye magari haya huwezi kusubiri gari likuambie. Injini ya IST bloku yake ni aluminiamu, hedi yake, yaani kichwa cha injini, ni aluminiamu, na slivu za ndani, zile zinamopanda na kushuka pistoni, ni nyembamba. Ikichemsha mara moja kisawasawa hedi inapinda, na bloku yenyewe haikutengenezwa ili ichongwe na kutiwa pistoni kubwa kama zile injini za chuma za zamani.

Sasa kuna tabia moja ya mafundi wetu inaniuma. Gari likichemsha, jambo la kwanza wanalofanya ni kutoa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kuitupa. Wanakuambia hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu kuna joto, haihitajiki. Ndugu zangu, thamostati ya injini hizi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Hiyo ni hesabu ya injini, haihusiani na kama uko Japani au Mbagala. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote bila kujali, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli nyingi. Gari linaanza kula mafuta, na mwenye gari analaumu kituo cha mafuta.

Unajuaje kama gari lako lilishatolewa thamostati kabla hujalinunua? Angalia ile taa ya bluu. Ikichelewa sana kuzimika wakati safari ni ndefu na barabara ni nyeupe, tia shaka. Na kama umewahi kusafiri usiku kwenda Mbeya, ukateremka mteremko mrefu kwenye baridi na ile taa ya bluu ikawaka tena ukiwa safarini, basi ama thamostati haipo ama imekwama ikiwa wazi. Hiyo ni daignosisi tosha, na hukushika spana.

Ndugu wa thamostati iliyotolewa ni feni iliyoungwa dairekti. Feni imegoma kuzunguka, fundi badala ya kutafuta kama ni relei, fyuzi, sensa au mota yenyewe, anavuta waya na kuiunga izunguke tangu unapowasha mpaka unapozima. Gari limepona, unamlipa, mnaagana. Lakini mota ile haikutengenezwa kufanya kazi hivyo, na siku itakapoungua utakuwa kwenye foleni ya saa kumi na moja jioni huna dalili yoyote. Fanyia jaribio hili nyumbani: injini ikiwa na moto, washa kiyoyozi. Feni inatakiwa izunguke. Zima kiyoyozi, subiri, itakatika na kurudi yenyewe kadiri joto linavyopanda na kushuka. Ikizunguka tangu sekunde ya kwanza injini ikiwa ya baridi na kiyoyozi kimezimwa, mtu ameshapita hapo kabla yako.

Mfuniko wa rejeta nao wanaudharau. Una spring na mpira, na juu yake kumeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha unayoizuia ndani, na kwa presha hiyo maji yanachemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Mpira ukichoka, presha inatoka, maji yanachemka mapema. Ukipanda mlima Kitonga umejaza watu watano na mizigo, ndipo unapogundua. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo, na watu wanabadilisha rejeta nzima wakauacha uleule wa zamani.

Na kuhusu maji. Visima vingi vya hapa Dar vina chumvi, kila mtu anayefua anajua. Hayo ndiyo tunayoyatia kwenye injini ya aluminiamu, kisha tunashangaa rejeta imeziba na pampu ya maji imeliwa. Tia kulanti, ile dawa ya kupozea injini. Kama ni ile ya kuchanganya, changanya na maji safi yasiyo na chumvi. Rangi isiwasumbue sana ilimradi msichanganye aina mbili tofauti. Kama hujui kilichomo, mwaga chote, suuza, anza upya. Na jamani, mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Kuna watu wana makovu usoni kwa ajili ya haraka ya dakika kumi.

Gari likishachemsha mara moja, kagua kabla ya kuambiwa lolote. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa, tazama. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, gasketi ya hedi ina mashaka. Chomoa kijiti cha oili, na fungua mfuniko wa kujazia oili. Ukiona oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usiliwashe tena, hilo ni la kuvutwa.

Oili sasa. Kumwaga oili ni kazi ya nusu saa, na nafikiri kila mwenye gari angefanya angalau mara moja kwa mkono wake ili ajue analipia nini. Nati ya chini ni spana namba 14. Injini ya IST inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Ya Vitz ya cc 1000 inachukua pungufu ya hapo. Galoni mnalonunua ni lita 4. Sasa nenda gereji yoyote utazame: fundi anamimina galoni lote mpaka tone la mwisho, tena analigeuza kichwa chini ili usipunjwe. Kwa nia njema kabisa, amekujazia kupita kiasi. Kwa IST mimina kama lita tatu na nusu, kwa Vitz anza na pungufu, washa injini dakika moja, zima, subiri oili ishuke, pima kijiti, kisha ongeza kidogokidogo mpaka ufike alama ya juu. Isipite hapo. Ile nati ya chini iwekee washa mpya na ukaze kwa mkono wa kawaida, usiikaze kwa hasira. Nyuzi za nati zikikatika utaanza kuvujisha na safari ya kutafuta mchomeleaji itaanza.

Oili gani? Nyingi ya injini hizi zilipangiwa 5W-30. Huku tunapenda nzito, kuna 20W-50, kuna watu bado wananunua oili namba 40 ya galoni la bei rahisi. Injini zenye VVT-i, ule mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, zinatumia oili hiyohiyo kama mkono wa kuendesha kazi: kuna valvu ndogo inayopeleka oili kwenye giya ya kamshafti, na kabla yake kuna kichujio kidogo kuliko kidole. Oili nzito au iliyogeuka tope haipiti vizuri. Gari linakuwa zito kupanda, sailensi inayumba, na mnyororo wa taimingi unapiga kelele asubuhi unapowasha, kwa sababu kikaza mnyororo nacho kinategemea presha ya oili. Mnafurahi kwamba gari zenu nyingi zina mnyororo na si mkanda, ni kweli haubadilishwi kila baada ya kilomita kadhaa. Lakini mnyororo unakula oili chafu na unalegea. Mimi kwa gari linaloshinda kwenye foleni za mji huu singevuka kilomita 5,000, na kama oili ni ya kawaida ningemwaga mapema zaidi. Kilomita za foleni si sawa na kilomita za Chalinze.

Oili chafu usimwage mtaroni. Naona wengine wanapaka nguzo za banda ili mchwa asile. Hilo nawaachia wenyewe, lakini mtaroni hapana, mvua ya kwanza tu inaifikisha baharini.

Kuvuja. Gari la miaka 20 litavuja mahali fulani, swali ni wapi na nini. Kabla ya kulala, tandika kipande cha kartoni chini ya injini, weka alama upande wa mbele. Asubuhi kisome. Doa la kahawia au jeusi ni oili ya injini. Jekundu ni ya giaboksi. La pinki au kijani lenye utelezi ni kulanti. Maji matupu upande wa abiria baada ya kuwasha kiyoyozi, kunywa chai yako, hakuna tatizo. Lakini ukiona majimaji yanayoteleza upande wa ndani wa tairi la nyuma, silinda ndogo ya breki inavujisha, na gari hilo halitoki siku hiyo.

Breki sizifanyii mzaha na nawaomba msijifunzie kwenye breki peke yenu mara ya kwanza. Pedi za mbele mnaweza kuziangalia kupitia rimu, zikibaki milimita 3 nunua nyingine. Kitu ambacho hakuna anayekumbuka ni mafuta ya breki. Yale mafuta yanafyonza unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205. Ikishafyonza maji inashuka mpaka 140. Mtu anateremka mlima ameshikilia breki, mafuta yanachemka kwenye bomba, anakanyaga pedali inakwenda hadi chini. Kila baada ya miaka miwili badilisha yote, na upate mtu wa kukukanyagia pedali huku ukitoa hewa gurudumu moja baada ya jingine.

Kabla ya kuingia chini ya gari kwa jambo lolote: jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi. Haimshikilii mtu. Nunua stendi mbili za chuma, na ukishapandisha, sukuma gari kwa nguvu kabla hujaingia. Bora lianguke ukiwa umesimama. Tofali hapana. Tofali linapasuka ghafla bila kulia. Tairi la akiba lilaze chini ya gari pembeni yako, likusaidie siku mambo yote mengine yakikataa.

Matairi nitapita haraka. Pembeni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri, yaani meno mazuri, linaweza kuwa na miaka kumi, mpira umeshakauka. Soma tarakimu kabla ya kuulizia bei.

Spea. Mkienda Gerezani au Kariakoo, msiende na jina la gari tu. Muuzaji atakuuliza, IST ya zamani au mpya? Nenda na namba ya chesisi. NCP60 ni ya 1.3, NCP61 ni ya 1.5, na vitu vyao havifanani vyote. Beba na kile kibovu, mlinganishe juu ya kaunta. Kuhusu mtumba na mpya, msimamo wangu unawakera wauzaji wa pande zote mbili: alteneta, stata, koili, mota ya feni, kama ni orijino iliyotoka Japani naichukua mtumba kabla ya kuchukua mpya ya bandia iliyofungwa kwenye boksi zuri. Lakini mpira, mkanda, pedi za breki, bushi, boljointi na mfuniko wa rejeta ni vipya, hakuna mjadala. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa rafuni.

Betri pia usiinunue kwa kubahatisha. Pata mita ndogo ya umeme. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri nzima yenye chaji inasoma karibu volti 12.6. Ukishawasha isome 13.8 mpaka 14.5. Ikibaki 12 injini ikiwa inaunguruma, betri haina kosa, alteneta ndiyo haichaji, na betri mpya utakayonunua itakufa wiki hiyohiyo. Na kabla ya yote hayo safisha vichwa vyake. Ule unga wa kijani na mweupe peke yake umeshauza betri nyingi nzuri kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Kuna aliyeniuliza tulipofika, afike wapi ndipo aseme basi, gari hili limekwisha. Jibu langu ni kutu. Injini inabadilishwa, giaboksi inabadilishwa. Lakini chesisi ikiliwa pale miguu ya nyuma inaposhikilia, au pale chini ya milango, hapo hununui spea, unanunua kifo kwa awamu. Magari yaliyokaa karibu na bahari yachungulieni hapo kila mwaka.

Sasa tufungue boneti ya ile IST ya fedha, mwenyewe ameshakubali. Wenye maswali ya giaboksi mnisubiri kidogo, nitawajibu mwisho, kwa sababu kijiti cha oili ya giaboksi hii kinapimwa injini ikiwa imewaka, imepata moto, na gia ikiwa P. Honda Fit nayo ina taratibu zake na oili yake, mwenye Fit asimimine chochote mpaka tuongee. Ile ya CVT, giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, ukiitia oili nyekundu ya IST unaiua. Nani ana spana namba 10?